SOMO: Kuweka Hesabu za Kikundi Katika Kompyuta Tatu



Mweka hazina wetu alikuwa na kompyuta moja tu. Siku moja diski yake iliharibika, na orodha yote ya mikopo ikapotea. Ilitubidi kumwita kila mwanachama aseme mwenyewe anadaiwa ngapi. Mnajua mambo yalivyokuwa! Ndipo tukajifunza GlusterFS, programu isiyolipiwa ya Linux inayoweka faili moja katika diski za kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja.

Sisi tulichukua kompyuta tatu kuukuu zenye Ubuntu. Kwa nini tatu? Zikiwa mbili na mawasiliano yakatike, kila moja inaweza kuandika yake, kisha hakuna wa kusema ipi ni kweli. Zikiwa tatu ni kama kamati yenye akidi: mbili zinazoonana zinaendelea na kazi, iliyobaki peke yake haikubali kuandikwa. Lakini gharama ipo: diski tatu za GB 500 zinakupa nafasi ya GB 500 tu.

Ziunganisheni kwa swichi moja. Kila kompyuta ipewe anwani isiyobadilika, na majina yote yaandikwe katika /etc/hosts ya kila moja. Sisi tuliziita kom1, kom2 na kom3. Halafu kwa zote:

sudo apt install glusterfs-server
sudo systemctl enable --now glusterd

Sasa kaeni kwenye kom1 peke yake, muijulishe wenzake:

sudo gluster peer probe kom2
sudo gluster peer probe kom3

Zikikataa kuonana, angalieni kama ulinzi wa mtandao umefunga mlango namba 24007.

Kila kompyuta iwe na diski ya pembeni, iliyofunguliwa kama /data. Msitumie diski yenye mfumo wenyewe, maana ikijaa, mashine yote itagoma. Kisha, bado kwenye kom1, andikeni hii kwa mstari mmoja:

sudo gluster volume create hesabu replica 3 kom1:/data/hesabu kom2:/data/hesabu kom3:/data/hesabu

Ikikubali:

sudo gluster volume start hesabu
sudo mount -t glusterfs kom1:/hesabu /mnt

Kuanzia hapo faili zote zinaandikwa kupitia /mnt. Mtu asiguse /data/hesabu moja kwa moja, hata kwa kuchungulia na kurekebisha kidogo tu. Nakala zitaacha kulingana.

Jaribuni kabla ya kuiamini. Zimeni kom3, badilisheni faili moja, kisha muiwashe tena. Amri ya sudo gluster volume heal hesabu info itaonyesha faili zinazongoja kusawazishwa. Ikifika sifuri kwa zote, kom3 imewafikia wenzake.

Jambo moja bado. Ukifuta faili kwa makosa, inafutika kote kutatu papo hapo. Na mwizi akiingia chumba hicho anabeba zote. Kwa hiyo kila Ijumaa mweka hazina wetu bado ananakili hesabu kwenye flashi, na katibu anaenda nayo nyumbani kwake.