Saa Mbili za Kwanza Baada ya Kujifungua: Kazi ya Muuguzi Mkunga Ambayo Familia Haiioni

Mwanamke mwenye afya njema, aliyejifungua salama mtoto anayelia kwa sauti, anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili kwa kuvuja damu. Jambo hilo muuguzi mkunga hulibeba moyoni wakati ndugu wa mzazi wameanza kupiga vigelegele nje ya wodi. Familia huona kwamba kazi imekwisha, ilhali kwa muuguzi ndipo kipindi chenye hatari kubwa kinapoanza. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vitokanavyo na uzazi, hapa Tanzania na duniani kwa jumla. Makala haya yanaeleza kinachofanywa na muuguzi katika kipindi hicho, na kwa nini mafanikio yake hutegemea mambo yaliyotendeka nyumbani na kliniki miezi mingi kabla.

Mimba inapokaribia kutimiza miezi tisa, damu inayopita katika mji wa mimba hufikia nusu lita au zaidi kwa kila dakika. Sehemu kubwa ya damu hiyo huelekea kwenye kondo la nyuma ili mtoto apate chakula na hewa. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo hujikaza na kuibana kama mikono inayokamua nguo mbichi. Misuli hiyo ikilegea, damu hutoka bila kizuizi. Hulegea zaidi kwa mama aliyekaa na uchungu muda mrefu, aliyebeba mapacha, aliyekwisha kuzaa mara nyingi, au aliyebakiwa na kipande cha kondo tumboni. Hata kibofu kilichojaa mkojo huzuia mji wa mimba usijikaze sawasawa. Hata hivyo, wengi wanaovuja damu hawakuwa na dalili yoyote ya awali, ndiyo maana kila mzazi huangaliwa kama mtu aliyemo hatarini, awe amezaa mara ya kwanza au ya sita.

Ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na baada ya kujiridhisha kwamba hakuna pacha aliyebaki, muuguzi mkunga humchoma mama sindano ya oksitosini, uniti 10, ili misuli ijikaze. Kisha hulitoa kondo kwa uangalifu na kulikagua lote, kwa sababu kipande kidogo tu kikibaki chatosha kuleta balaa. Baada ya hapo, kila dakika 15 kwa saa mbili, hulishika tumbo la mama chini ya kitovu kupima kama mji wa mimba ni mgumu, hutazama damu inayotoka, na kuhesabu mapigo ya moyo. Mgeni akichungulia wodini wakati huo atadhani muuguzi anapitapita tu.

Oksitosini ina udhaifu mmoja unaowahusu wananchi moja kwa moja: huharibika kwa joto. Yapaswa kutunzwa kwenye jokofu, katika nyuzi joto 2 hadi 8. Dawa iliyokaa juani au kabatini kwa muda mrefu hufanana kabisa na dawa nzima, lakini ikichomwa haifanyi kazi iliyokusudiwa. Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati anayehoji kwa nini fedha zitumike kutengeneza jokofu au betri ya umeme wa jua ana haki ya kuhoji, na jibu lake ni hilo.

Kupima badala ya kukisia

Kwa miaka mingi, damu inayomtoka mzazi ilikadiriwa kwa macho. Muuguzi alitazama shuka, akatazama sakafu, akakisia. Makisio ya namna hiyo mara nyingi huwa madogo kuliko damu halisi iliyotoka, hata kwa mtumishi mzoefu, kwa kuwa damu hufyonzwa na nguo na kuchanganyika na maji ya uzazi. Mama huhesabiwa kuwa yu salama hali amekwisha kupoteza zaidi ya mililita 500, kiwango ambacho wataalamu huanza kukiita uvujaji.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliojulikana kwa jina la E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, mzazi alitandikiwa chini yake karatasi maalumu ya plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, ili damu ikusanyike na kusomeka kama maji katika jagi. Mara tu kiwango cha hatari kilipofikiwa, watumishi walitekeleza mambo yote kwa pamoja: kuukanda mji wa mimba, oksitosini, dawa ya kusaidia damu kuganda, maji ya mishipani, na kumchunguza mama kutafuta chanzo. Uvujaji mkubwa, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nao, ulipungua kwa asilimia 60.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba tiba hizo zote zilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kuigundua hatari mapema na kutosubiri dawa moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Katika hospitali zilizoendelea kukadiria kwa macho, takriban nusu tu ya wanawake waliovuja damu ndio waliotambuliwa. Penye vipimo, walitambuliwa zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Wanaoshika zamu kando ya kitanda na kusoma alama hizo ni wauguzi na wakunga.

Yaliyoanzia kliniki

Mwanamke anayefika kujifungua akiwa na damu pungufu hana akiba. Kiasi ambacho mwenzake angekihimili, yeye humwangusha. Kwa sababu hiyo, muuguzi wa kliniki ya wajawazito hupima wingi wa damu; mjamzito aliye chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu. Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki vinapaswa kumezwa kila siku. Vidonge hivyo vyaweza kuleta kichefuchefu na kugeuza choo kuwa cheusi, na wapo wanaoviacha kwa hofu hiyo pasipo kumwambia mtu. Muuguzi akiambiwa anaweza kushauri vimezwe usiku, au pamoja na chakula. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa papo hapo na chakula hupunguza madini hayo mwilini, nao udongo unaotafunwa na wajawazito wengi hauongezi damu, ingawa imani hiyo ina mizizi mirefu.

Kliniki hiyo hiyo ndiko shinikizo la damu na mkojo hupimwa ili kugundua dalili za kifafa cha mimba kabla hakijazuka. Takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 zinaonesha kwamba ni takriban theluthi moja tu ya wajawazito nchini walioanza kliniki katika miezi mitatu ya mwanzo. Wengi husubiri tumbo lionekane. Kwa utaratibu wa sasa wa mahudhurio manane, anayeanza mwezi wa sita amekwisha kupoteza nafasi ya kupimwa wakati tiba ingekuwa rahisi.

Utafiti huo huo umebainisha kuwa wanawake 81 kati ya 100 walijifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya, kutoka 63 katika utafiti wa mwaka 2015-16. Vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni hatua kubwa, ingawa kwa familia iliyompoteza mama takwimu hizo si faraja.

Kuwahi na kutoharakisha kuondoka

Mjamzito anayefika kituoni mtoto akiwa mlangoni humnyima muuguzi chati ya uchungu, ile karatasi inayoonesha jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka, mapigo ya moyo wa mtoto na hali ya mama. Bila chati hiyo, uchungu uliokwama hugunduliwa kwa kuchelewa, na uchungu uliokwama huzaa mji wa mimba uliochoka na kulegea. Aidha, aliyekunywa dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu aseme bila kuona haya. Dawa hizo zaweza kuukaza mji wa mimba kupita kiasi, hata ukachanika, na muuguzi asiyejua zilizotangulia aweza kuongeza juu yake.

Kosa lingine ni la upande wa pili wa safari. Ndugu hukodi bodaboda saa tatu au nne baada ya mtoto kuzaliwa, wakisema mama amepata nafuu na nyumbani kuna uji wa moto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mzazi akae kituoni saa 24 walau. Uji waweza kuletwa wodini. Baada ya hapo, mahudhurio ya mama na mtoto hufuata tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, na lile la wiki ya sita ndiyo fursa nzuri ya kuzungumzia uzazi wa mpango na kuuliza kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi.

Wapo wanawake wanaochelewa au kukwepa kituo kwa sababu ya kauli walizowahi kutupiwa chumba cha kujifungulia. Malalamiko hayo ni ya kweli na hayapaswi kufunikwa. Ni kweli pia kwamba muuguzi mmoja huachwa usiku kucha na wazazi watatu, lakini uchovu hauhalalishi tusi. Mwananchi aliyetendewa hivyo anaweza kutumia sanduku la maoni, kuieleza kamati ya usimamizi wa zahanati, au kumfikia Mganga Mkuu wa Wilaya. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania nalo lina mamlaka juu ya mwenendo wa kila muuguzi na mkunga aliyesajiliwa.

Zahanati haiongezi damu. Uvujaji usipokoma, mama hupelekwa kituo cha afya chenye huduma ya upasuaji au hospitali, na dakika za barabarani huhesabika. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022, huunganisha gari la wagonjwa au dereva wa jamii na mgonjwa kwa simu namba 115, isiyotozwa malipo. Mwanafamilia anaweza kuipiga yeye mwenyewe dharura inapotokea nyumbani. Ataulizwa mahali alipo, hivyo jina la kijiji, kitongoji na alama ya karibu, kama shule au kisima, liwe tayari mdomoni.

Huko hospitali, damu itakayotundikwa ni ile iliyochangwa na watu wengine siku zilizopita. Mwanamume mwenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke asiye mjamzito wala asiyenyonyesha kila baada ya miezi minne. Waume wanaomsindikiza mjamzito kliniki wanaweza kuuliza siku hiyo hiyo mahali pa kuchangia, kabla damu haijahitajika.