Je, Dawa za Akili Huzima Kipaji?

Tumchukue, kwa ajili ya somo hili, manju mmoja wa Ushirombo. Ni mtu wa kubuni, lakini huenda mwalimu wa Bukombe au Geita akamtambua. Mara kwa mara manju huyu hupandwa na uchangamfu uliopita kiasi: halali siku nne, hutunga nyimbo usiku kucha, hugawa ng'ombe wake kwa wapita njia. Kisha huanguka katika huzuni hata asiweze kuishika ngoma. Hupewa dawa, akatulia. Baada ya miezi mitatu huitupa. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba vidonge vimemwibia nyimbo zake.

Jibu hilo lastahili kuchunguzwa, wala si kuchekwa, kwa maana mgonjwa aachaye dawa ghafula aweza kurudiwa na maradhi kwa ukali.

Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mojawapo ni dopamini. Haloperidoli na klopromazini, dawa zinazotumika sana katika hospitali zetu, huziba vipokezi vya dopamini. Lakini dopamini ina kazi zaidi ya moja. Mahali pamoja pa ubongo huamsha hamu na mawazo. Mahali pengine husaidia kuratibu mwendo wa viungo. Dawa haina macho ya kuchagua. Kwa hiyo kidonge kile kile kinachonyamazisha sauti zisizokuwapo chaweza pia kukakamaza vidole, kuufanya uso usionyeshe hisia, na kupunguza hamu ya kazi. Mpiga ngoma atasema kipaji kimekwisha, kumbe kilichokwama ni kifundo cha mkono. Mara nyingi daktari aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa.

Lithiamu ni habari nyingine. John Cade wa Australia alitangaza manufaa ya chumvi zake mwaka 1949. Mwaka 1979 Mogens Schou wa Denmark alichapisha majibu ya wasanii 24 waliokuwa wakiitumia: 12 walisema kazi yao imeongezeka, 6 hawakuona tofauti, na 6 walisema imepungua. Mwanafunzi makini atapinga mara moja kwamba watu 24 ni wachache, tena walijipima wenyewe. Ni kweli. Hata hivyo, hesabu hiyo yatosha kutuzuia tusidai kwamba lithiamu huzima kila kipaji. Nayo yatuzuia vile vile tusiwaite waongo wale sita. Mshairi wa Marekani Robert Lowell alianza lithiamu mwaka 1967, akatunukiwa Tuzo ya Pulitzer kwa mara ya pili mwaka 1974, ingawa wahakiki hawakubaliani juu ya ubora wa tungo zake za miaka hiyo.

Binafsi naona swali la kumuuliza manju si ametunga nyimbo ngapi, bali amemaliza ngapi. Nyimbo arobaini zilizoanzwa katika usiku wa homa ya akili si lazima zizidi tatu zilizofika uwanjani.

Kwa eneo letu la machimbo liko jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipitia haraka. Figo huishughulikia lithiamu karibu kama zinavyoishughulikia sodiamu ya chumvi ya mezani. Mtu akitoka jasho jingi shimoni asinywe maji ya kutosha, figo hushikilia sodiamu, na lithiamu hubaki pamoja nayo. Kipimo cha kawaida katika damu ni kama milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita; kikipita 1.5, sumu yaweza kuanza, na mikono kutetemeka vibaya.

Mikono hiyo hiyo hutetemeka pia kwa mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu, mvuke ambao humfanya mtu awe mwepesi wa hasira, mwenye haya, na asiyepata usingizi. Basi manju achimbaye dhahabu akija zahanati akitetemeka, huenda ni dawa, huenda ni zebaki, huenda ni vyote viwili. Kipimo cha damu kitaonyesha lithiamu, na cha mkojo kitaonyesha zebaki.