Vidokezo 7 vya Kuzifanya Vali Zako Zitii Amri

Mteja ameingiza sarafu, amechagua sabuni, anangoja povu... na kinachotoka ni maji matupu! Katika kituo cha kuoshea magari cha kujihudumia, aliyegoma mara nyingi ni vali ya solenoidi: ile vali inayofunguka ikipata umeme na kujifunga umeme ukikatika. Usikimbilie kununua mpya. Nyingi zinazodhaniwa zimekufa ni chafu tu, na unaweza kuzifufua mwenyewe. Twende kazi!

1. Tega sikio
Mwenzako abonyeze kitufe, wewe simama kwenye chumba cha mitambo. Umesikia "tak!" lakini maji hayaji? Umeme unafika, kwa hiyo tafuta uchafu. Kimya? Gusisha bisibisi ya chuma kwenye nati ya juu ya koili. Ikivutwa, koili ni nzima na huenda pistoni ndiyo imekwama. Isipovutwa, kagua waya na koili.

2. Chujio ndiye mlinzi wako
Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya kiwambo, ule mpira mwembamba wa ndani, vali haifungi vizuri. Maji yatachuruzika usiku kucha, na bili ni yako! Funga chujio kabla ya vali na ulisafishe kila wiki, hasa ukitumia maji ya kisima.

3. Usalama kwanza, spana baadaye
Zima umeme, funga maji, kisha bonyeza bunduki ya maji hadi ikauke ili shinikizo liishe ndani ya bomba. Ni dakika moja tu, na hutarushiwa maji usoni.

4. Piga picha, kisha osha
Kabla ya kuondoa kila kipande, kipige picha kwa simu. Springi ilikaa juu au chini? Picha itakujibu. Ukoko mweupe wa maji magumu kwenye vipande vya chuma hulainika ukiviloweka kwenye siki; kisha suuza vizuri. Kile kitundu kidogo cha kiwambo kisafishe kwa maji na brashi laini. Sindano weka mbali: kitundu kikipanuka, vali haitafanya kazi sawasawa.

5. Soma koili kabla ya kufungua pochi
Mifumo mingi hutumia volti 24 za AC, lakini usibahatishe: soma maandishi ya koili ya zamani. Mtambo umetoka Marekani? Umeme wao ni hezi 60, wa Afrika Mashariki ni 50. Koili ya hezi 60 pekee hupata joto kupita kiasi kwenye 50, basi chagua iliyoandikwa 50/60. Na kamwe usiiwashe koili ya AC ikiwa imechomolewa kwenye vali, itaungua upesi.

6. Fuata mshale
Vali mpya ina mshale ubavuni unaoonyesha maji yanakokwenda. Ukiigeuza, haitafunga inavyopaswa. Tepu nyeupe ya mabomba anza kuizungusha kwenye uzi wa pili, ili vipande visiingie ndani. Unapokaza, shika mwili wa vali kwa spana, usishike koili.

7. Weka akiba kabatini
Kiwambo, pistoni na springi mara nyingi huuzwa pamoja, na kwa kawaida ni nafuu kuliko vali nzima. Mweleze muuzaji kinachopita humo: maji ya moto, sabuni au nta. Mpira wa EPDM huvumilia maji ya moto lakini huvimba ukikutana na mafuta. Ongeza koili moja ya akiba, kisha bandika jina kwenye kila vali: "Sabuni, banda la 2". Siku ya foleni hutapapasa.

Leo hii anza na vali moja tu, ile inayokusumbua zaidi. Ifungue, ioshe, ijaribu. Unaweza!