Tiketi Kumi, Watu Kumi na Mmoja

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kugawa karata kwenye meza za poka. Mgawaji hachezi, ila hakuna kinachompita. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote linahusu mashindano yanayoitwa setilaiti, yale ambayo mshindi haondoki na fedha bali na tiketi ya kuingia mashindano mengine. Haya hapa ndiyo watu wanayotaka kujua.

Setilaiti ninayoijua mimi ni ile ya angani. Hii ya karata ni nini?

Jina limetoka huko huko angani. Setilaiti huizunguka dunia, na mashindano haya madogo huyazunguka makubwa. Kwa Kiswahili cha michezo tungesema ni mchujo. Chukua mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000. Wenye fedha hizo za kuchezea karata ni wachache. Lakini watu kumi wenye dola elfu moja moja wakikaa meza moja, wakakubaliana kwamba atakayebaki mwisho ndiye abebe zote kulipia kiingilio, mmoja wao keshaingia. Ni kama upatu, isipokuwa kwenye upatu zamu yako lazima ifike.

Anayepewa sifa ya wazo hilo ni Eric Drache, aliyeyasimamia mashindano hayo enzi zile yakichezwa kwenye kasino ya Binion's Horseshoe. Inasimuliwa kwamba aliona meza ya wachezaji kumi, kila mmoja ana kama dola elfu mbele yake, akawaambia: kwa nini msichezee nafasi moja? Mwaka 1983 Tom McEvoy akawa bingwa wa kwanza aliyeingia kwa njia hiyo. Rod Peate, aliyebaki naye mezani mwisho, naye alikuwa amepitia mlango uleule.

Hesabu ya tiketi inapigwaje?

Tuseme kiingilio cha setilaiti ni dola 1,100. Kwa kawaida kinagawanywa: 1,000 inaingia kwenye mfuko wa zawadi, 100 ni ya mwandaaji. Wakija watu 57, mfuko una dola 57,000. Hapo zinatoka tiketi tano za dola 10,000, na zile 7,000 zilizobaki anapewa wa sita kama fedha taslimu. Wa saba anapewa mkono wa kwaheri.

Wakati mwingine mwandaaji hutangaza tiketi za uhakika, tuseme kumi, hata kama watu hawatajaa. Wakija wachache, pengo analiziba yeye. Mchezaji mjanja hupenda siku za mvua.

Nimesikia kuna mtu aliingia Las Vegas kwa dola themanini na kitu. Kweli?

Kweli, na ndiye aliyeufanya ulimwengu mzima uijue setilaiti. Anaitwa Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake la ukoo, hakujibatiza. Mwaka 2003 alikuwa mhasibu huko Tennessee, ana miaka 27. Aliingia setilaiti ya mtandaoni ya PokerStars kwa dola 86, akashinda, akapanda setilaiti ya juu yake, na huko akapata tiketi ya dola 10,000. Ndivyo ngazi zilivyo: unalipa kidogo chini, ukishinda unapanda, na ukianguka popote umepoteza kile kidogo cha mwanzo. Las Vegas alikuta wachezaji 839. Hakuwa amewahi kucheza mashindano ya ana kwa ana, na aliondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576, na bingwa wao, Greg Raymer, naye alikuwa amefuzu kwa setilaiti.

Ila sehemu ninayoipenda ya kisa hiki haiko Las Vegas. Ile setilaiti yake ya mwisho ilikuwa na tiketi tatu, na wa nne alipewa dola 8,000 mkononi. Moneymaker alikuwa na madeni, na tiketi haikuwa ikibadilishwa kuwa fedha. Akawa anataka kushika nafasi ya nne kwa makusudi. Rafiki yake ndiye aliyemgeuza mawazo.

Kucheza setilaiti kunatofautianaje na mashindano ya kawaida?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika mashindano ya kawaida wa kwanza hupata nyingi kuliko wa pili, wa pili kuliko wa tatu. Kila chipu unayoongeza (chipu, vile vipande vya kuwekea dau, si chipsi za kula na mayai) inakusogeza kwenye fedha zaidi. Katika setilaiti ya tiketi kumi, wa kwanza anapata tiketi, na wa kumi anapata tiketi ileile. Aliyemaliza na mlima wa chipu na aliyemaliza na mbili wanapanda basi moja na kukaa viti vya aina moja. Kwa hiyo chipu inayozidi ile ya kukufikisha haina thamani hata ya kununulia maji, wakati chipu ya kukutoa ina thamani ya dola 10,000.

Mwanzoni, watu wakiwa wengi, cheza kama kawaida. Unahitaji kukusanya. Kadiri mwisho unavyokaribia, swali linageuka. Acha kuuliza utashindaje, uliza nani atatoka kabla yako.

Ina maana naweza kutupa hata ree mbili?

Ndiyo. Najua inauma, kwa sababu ree mbili ndizo karata bora kabisa za kuanzia.

Tazama meza hii. Tiketi kumi, watu kumi na mmoja. Wewe ni wa pili kwa chipu. Kwenye kona kuna wawili ambao chipu zao hazitoshi kulipa dau la lazima mara mbili. Mwenye chipu nyingi kuliko wote anasukuma zake zote katikati. Unachungulia zako: ree ya kopa, ree ya shupaza. Dhidi ya karata zozote mbili, ree mbili hushinda takriban mara 85 katika 100. Ukifuata, yaani ukiweka na wewe zako, na kushinda, umepata nini? Tiketi ambayo ungeipata hata ukitupa, maana mmoja wa wale wawili wa kona atatoka dakika chache zijazo. Ukifuata na kushindwa, mara 15 zile, unatoka wewe na wao wanabaki. Umeiweka rehani tiketi uliyokwisha kuishika. Zitupe, tena kifudifudi, usimwonyeshe mtu.

Geuza sasa: ukiwa wewe ndiye unayesukuma, na wengine wanaelewa hesabu hii, hata karata mbovu zinaweza kupita. Wote wanaogopa kukufuata. Ndiyo maana setilaiti inayochezwa na watu wanaojua huwa ya kimya: mmoja anasukuma, wengine wanatupa.

Nitajuaje kwamba chipu zangu zimetosha?

Piga hesabu mapema. Walioingia 110, kila mmoja amepewa chipu 20,000, jumla ni 2,200,000. Tiketi ni 11. Gawanya: mwisho wa mchezo wastani utakuwa 200,000 kwa kila anayebaki. Ukiwa tayari na 200,000 wakati bado watu 20, na wengine wengi wana chache, anza kutulia. Ila angalia madau ya lazima, kwani yanapanda kila baada ya muda na yanaweza kukumaliza ukiwa umekaa tu.

Wapo wanaochelewesha makusudi. Inaruhusiwa?

Kila mwenye chipu chache angependa meza nyingine zicheze haraka kuliko yake. Anakuna kichwa, anaangalia karata mara tatu. Dawa yake ni kucheza mkono kwa mkono: wakibaki wachache kabla ya tiketi, meza zote zinagawiwa pamoja, na hakuna inayoendelea mpaka zote zimemaliza. Kukubaliana kwa mdomo kwamba hatufuatani mpaka mwenye chipu chache atoke ni kosa, na unaweza kufukuzwa.

Nikishinda tiketi ya Las Vegas nikiwa Dar es Salaam au Nairobi, kuna gharama nyingine?

Nyingi. Tiketi pengine ni kiingilio tu. Soma kama kuna nauli na hoteli ndani yake, kwa maana mashindano makuu huchukua siku nyingi ukidumu hadi mwisho. Uliza kama inahamishika au inageuzwa fedha. Viza ni juu yako. Na ukishinda huko, Marekani kwa kawaida hukata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao. Kenya na Tanzania hazina.

Umewahi kuona mtu akiitupa tiketi?

Karata nilizigawa mimi. Tiketi tano, watu sita, na bwana mmoja alikuwa na zaidi ya nusu ya chipu zote za mezani. Angeweza kwenda kula akarudi. Kulikuwa na kijana aliyebakiwa na chipu mbili, ameshavaa koti la kuondokea. Yule bwana, akiwa na mfalme na kumi, akamfuata wa pili kwa chipu, akashindwa, chipu zake zikapungua nusu. Akakasirika. Mkono uliofuata akasukuma zilizobaki, yuleyule wa pili akafuata na jozi ya nane, na sikumgawia chochote cha kumwokoa.

Kijana wa koti alikuwa msalani. Aliporudi akaniuliza kama dau lake la lazima limeshakatwa. Nikamwambia avue koti, kuna fomu ya kujaza.