Kabla ya mbegu, uliza mchanga umetoka wapi

Oktoba imefika, na maduka ya pembejeo mjini Kahama yameanza kujaa. Safari hii wanaouliza mbegu si wenye mashamba ya mpunga na pamba peke yao. Kuna kina mama na vijana wa Nyasubi, Nyihogo na Mhongolo wenye uwanja mdogo mbele ya nyumba, wanaotaka mboga ya kuchuma jioni na maua ya kuwapokea ndugu watakaokuja Krismasi. Swali lao ni moja: nipande nini? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Udongo wa kujazia tuta na vyungu unautoa wapi?

Kwingineko swali hilo lingekuwa dogo. Kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita, lina uzito wake. Kwenye mialo, pale wachimbaji wadogo wanapoosha mawe yaliyosagwa na kukamatisha dhahabu kwa zebaki, hubaki marundo ya mchanga laini usio na jiwe hata moja. Ndiyo marudio. Yenye dhahabu bado hununuliwa na wenye mitambo ya sayanidi. Yaliyokwisha kukamuliwa hayana mwenyewe. Mtu akikuletea tripu ya mchanga wa bei ya chini, laini kupita kiasi, na akajiumauma ukimuuliza ameuchota wapi, usiushushe uwanjani kwako.

Zebaki ni metali. Haiozi, haichujwi na mvua moja ikaisha, na jua haliimalizi. Ikiwa kwenye udongo wa uani, inamfikia kwanza mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni. Kuosha mboga kunaondoa vumbi lililotua juu ya jani, lakini kilichoingia ndani ya mmea hakitoki kwa maji. Mji wa Minamata nchini Japani uliumizwa na zebaki ya kiwanda iliyoingia baharini, ikapita kwa samaki hadi kwenye sahani za watu, na mkataba wa kimataifa wa 2013 wa kupunguza matumizi yake umepewa jina la mji huo. Basi anayechoma zebaki jikoni au nyuma ya nyumba ili ibaki dhahabu tupu, aache. Mvuke wake unaingia kwenye mapafu ya familia yote, na unaosalia hutua juu ya kila kitu kilicho jirani, bustani ikiwemo.

Kama kiwanja chako kiliwahi kuwa mwalo, au unashuku, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda yake Mwanza; muulize afisa kilimo wa kata namna ya kuchukua sampuli ya udongo. Wakati unasubiri majibu, panda kwenye viroba vyenye udongo kutoka kwingine. Na ukishakwenda kutafuta viroba na vyombo, kuwa macho. Mapipa na madumu yaliyobeba kemikali za kuchenjulia yanakatwa, yanapakwa rangi, yanauzwa kama vyungu vya maua. Rangi nzuri haifuti kilichokuwamo. Dumu la mafuta ya kula, tairi kuukuu au ndoo iliyopasuka vinatosha kabisa.

Udongo mzuri upo, tena karibu. Chukua wa shambani au wa kichuguu, ndoo mbili. Samadi ndoo moja. Mchanga wa mto usiopita machimboni, nusu ndoo. Samadi ya ng'ombe haijawahi kuwa shida Usukumani, shida ni haraka. Ingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, iache, itaunguza miche. Iliyoiva imepoa, haina tena harufu ya zizi, na inamomonyoka kiganjani.

Halafu tazama ardhi yenyewe. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, inua tuta walau kimo cha kiganja, la sivyo Novemba mizizi itaoza. Kwenye kichanga fanya kinyume: chimba tuta la kuzama, ili kila tone lisimame hapo hapo. Nimeona majirani wawili wakiiga tuta moja huku mmoja yuko mbugani na mwenzake yuko kichangani. Mmoja lazima apate hasara.

Maji ya Ziwa Viktoria yanayosukumwa kutoka Ihelele yametutoa mbali, lakini mita inasoma. Mboga za majani kwenye jua hili zinataka kama lita tano kwa mita moja ya mraba kwa siku, kwa hiyo tuta la mita moja kwa nne ni ndoo ya lita 20. Kupunguza hapo, tandaza. Nenda kwenye mashine za mpunga ukachukue maganda, siyo pumba laini ya kulishia kuku, bali yale makavu yanayorundikwa nyuma. Yatandaze juu ya udongo, unene wa vidole viwili. Usiyachanganye ndani yakiwa mabichi, maana yakianza kuoza yanakula naitrojeni na mboga zinageuka njano. Maji ya kusuuzia vyombo yapeleke kwenye mgomba au mpapai. Yenye sabuni nyingi ya unga usimwagie mchicha.

Sasa kalenda. Sukuma wiki isie kitaluni wiki hii. Baada ya wiki nne unapandikiza, na Krismasi unaanza kuchuma majani ya chini. Chinese ipandwe karibu na tarehe 10 Novemba. Mchicha usubiri wiki ya mwisho ya Novemba, ukiuwahisha utakuwa umekomaa na kutoa mbegu kabla wageni hawajashuka kwenye basi. Mgagani unaota wenyewe mvua zikianza. Usiung'oe kama gugu. Nyanya zinazosiwa leo zitaiva mwishoni mwa Januari au Februari, kwa hiyo za Krismasi utazinunua sokoni, asikudanganye mtu. Tena nyanya za mvua hushikwa na ugonjwa wa baka. Anayeanza ningemshauri nyanya chungu na bamia, hazina deko.

Bamia yenyewe ni pambo. Ua lake la manjano lenye moyo wa zambarau halizidiwi na maua mengi ya kununua, na ndiyo maana sioni sababu ya kutenga bustani ya kula na bustani ya kutazama. Panga pilipili kichaa kwenye madumu mawili ya ngazini, zikiiva zinakuwa nyekundu kwa wiki nyingi. Zungushia njia mchaichai. Ukitaka maua hasa, zinia ndiyo ya haraka: ikimwagwa kabla Novemba haijaanza, inachanua karibu na sikukuu. Rozela nayo panda sasa kwenye mstari wa ua, lakini ujue inasubiri siku fupi. Desemba itakupa kijani tu, vikombe vyekundu vya ua vya kutengenezea juisi vitakuja karibu na Mei. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila siku chache, mbu hawachagui chombo kilichopambwa.

Minyaa ya uzio ipogolewe kabla ya wajukuu kufika, na anayeikata ajilinde macho, utomvu wake unaweza kupofusha. Kuku wafungiwe au tuta lizungushiwe matawi ya miiba, hakuna dawa nyingine.

Mwenye nafasi kubwa apande mkrismasi mmoja mvua zikishika, ule unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka. Uwe hatua kumi na tano au zaidi kutoka ukutani: mizizi yake hutambaa juu juu na matawi hukatika upepo ukivuma. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, na mche usiozidi kimo cha goti, maana mkubwa hukasirika ukihamishwa.