Klachi Isikuangushe Saranda: Vidokezo kwa Wenye Magari Madogo ya Zamani

Ukitoka Dodoma kuelekea Manyoni, barabara inapita Bahi na kukata bonde lililo bapa hadi Kintinku. Kutoka hapo mbele inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa Saranda, mpaka Manyoni iliyo juu ya mita 1,200. Klachi iliyochoka huvumilia tambarare yote, ikaja kusema kwenye mpando. Corolla ya miaka ya 1990 yenye abiria watano na magunia ya mpunga kwenye buti inafika pale, injini inanguruma, gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Ndiyo maana Kintinku ni mahali pazuri pa kusimama dakika kumi na kuikagua. Na wengi wanaoambiwa "klachi imekwisha" walihitaji tu kurekebisha nati moja.

1. Ujue kwanza ugonjwa, dawa baadaye

Malalamiko ya klachi ni matatu. Kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inapanda sauti, gari haliendi. Kutoachia: umekanyaga pedali hadi chini lakini gia zinagoma au zinakwaruza. Mlio au mtetemo: gari linakwenda, ila halijatulia. Ukimfikia fundi na kumwambia "fundi, klachi inasumbua", umempa ruhusa ya kushusha gia boksi. Mwambie ni lipi kati ya hayo matatu, na linatokea wakati gani: asubuhi gari likiwa la baridi, likiwa na mzigo, au ukirudi nyuma.

2. Kipimo cha kuteleza

Weka gari pahali bapa pasipo na mtu mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono, kanyaga pia breki ya mguu, ingiza gia ya tatu au ya nne, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Fanya mara moja tu, kwa sababu kipimo chenyewe kinaila.

3. Kipimo cha kutoachia

Injini ikiwa inawaka, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu tatu, ingiza rivasi. Ikikwaruza, zima injini ujaribu tena. Kama sasa inaingia laini, gia boksi yako ina nafasi kubwa ya kuwa nzima. Klachi ndiyo haiachii. Gari lililolala kipindi kizima cha mvua bila kuwashwa lina lake: pleti inaweza kuganda na kutu kwenye flaiwili. Hiyo mara nyingi hubanduka kwa kuwasha gari likiwa kwenye gia mahali pa wazi na kugusagusa breki huku umekanyaga klachi.

4. Kirikuu? Anza na waya

Suzuki Carry, Kirikuu yetu inayobeba kila kitu kuanzia vitunguu hadi mabati, ina klachi ya waya. Waya huvutika kadiri unavyozeeka, na pleti nayo inavyolika nafasi ya pedali inabadilika. Sukuma pedali kwa mkono, si kwa mguu. Iende sentimita moja hadi mbili na ushee ikiwa laini kabisa kabla hujahisi kitu kinapinga. Hiyo ndiyo nafasi ya bure, na kitabu cha gari lako kinataja kipimo chake hasa.

Nafasi ikiwa haipo, waya unaivuta klachi hata usipoikanyaga, nayo inateleza na kuungua taratibu. Ikiwa kubwa mno, pedali inafika chini kabla klachi haijaachia, na gia zinagoma. Vyote viwili vinarekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa waya, chini ya gari, karibu na mkono wa klachi kwenye gia boksi. Safisha uzi wake kwa brashi ya chuma, weka oili kidogo, zungusha, pima tena. Spana moja na muda wa chai ya rangi.

Ukiwa huko chini, kagua waya wenyewe. Nyuzi zilizoanza kukatika au ganda lililopasuka ni sababu ya kununua mpya leo. Bei ya waya ni ndogo mno ukilinganisha na kuvutwa kupanda Saranda.

5. Corolla? Anza na mafuta ya klachi

Corolla nyingi za gia za mkono za zama hizo hutumia mafuta badala ya waya. Masta silinda iko nyuma ya pedali, upande wa injini, na silinda ndogo ya chini iko kwenye gia boksi. Fungua boneti uangalie kopo la mafuta hayo. Kwenye baadhi ya magari ni lile lile la breki, na hapo kupungua kwa mafuta si jambo la kuahirisha hata kwa siku moja.

Mafuta yakipungua, yamevujia mahali. Gusa ukuta wa ndani pale pedali inapoingilia: ukiwa na unyevu, masta silinda inavuja. Kisha nenda chini, funua kimpira cha vumbi cha silinda ya chini: kikiwa na mafuta ndani, hiyo ndiyo inavuja. Kwa kawaida kibaya ni kimpira cha ndani, na repea kiti yake hupatikana.

Pedali ikiwa laini kama sifongo, na ukipampu mara tatu gia zinaingia, kuna upepo kwenye mfumo. Kuutoa kunahitaji watu wawili, mpira mwembamba na chupa. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine anafungua nati ya kutolea upepo, anaona povu linatoka, anafunga. Ndipo pedali inaachiwa. Rudieni mpaka mafuta yatoke bila povu, na msiache kopo likauke katikati ya kazi. Tumieni mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Oili ya injini isiguse kopo hilo, hata kwa dharura: inavimbisha mipira yote, na kama kopo ni la pamoja, breki zinakwenda nayo.

6. Mlio una anwani

Mlio unaotokea ukikanyaga pedali ni wa beringi ya klachi. Mlio unaosikika gari likiwa nyutro na kunyamaza ukikanyaga ni wa beringi ya shafti ya gia boksi. Hiyo si klachi, na kubadilisha klachi hakutaitibu.

7. Likitetemeka wakati wa kuondoka, tazama mauntingi

Mipira inayoshikilia injini na gia boksi ikipasuka, gari hurukaruka ukiachia klachi. Inaonekana kwa macho na ni nafuu. Ikiwa mizima, basi huenda oili inavujia kwenye pleti kutoka sili ya nyuma ya krenki au sili ya gia boksi, au flaiwili ina madoa ya kuungua.

8. Gia boksi ikishuka, usibanie

Hapa nina msimamo mkali. Ukishafikia kushusha gia boksi, badilisha pleti, presha na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha na kupandisha. Beringi ya zamani ikifa miezi michache baadaye, unalipia kazi ile ile upya. Sili ya nyuma ya krenki ikiwa imelowa, nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Omba uione flaiwili kabla haijafunikwa. Ikiwa na mistari mirefu, nyufa au rangi ya bluu ya kuungua, ipelekwe kwa fundi mashine ikakwanguliwe. Usikubali vumbi la ndani lipulizwe kwa upepo: pleti za zamani zinaweza kuwa na asibesto, na vumbi lake linaharibu mapafu ya fundi na ya mtoto aliyesimama akitazama. Lilowesheni, kisha lifutwe kwa kitambaa.

Pleti ina upande. Kwa kawaida kitovu chenye springi kilichotokeza hutazama gia boksi, na mara nyingi upande huandikwa. Ikigeuzwa, klachi haitaachia na kila kitu kitashuka tena. Iwekwe katikati kwa chombo chake, au kwa kijiti kilichozungushiwa utepe wa gundi hadi kijae tundu. Boliti za presha zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Na gia boksi isiachwe ikining'inia kwenye shafti yake wakati wa kupandisha, kwa kuwa uzito huo hupinda pleti mpya. Shikilieni kwa jeki.

Kwenye Corolla, draivu shafti zikichomolewa oili ya gia humwagika, hivyo nunua mpya mapema. Kwenye Kirikuu kinachotoka ni propela.

9. Nenda dukani na pleti mkononi

Spea nyingi zitatoka Dodoma, au Gerezani, Dar es Salaam, kwa basi. Jina la gari pekee halitoshi, maana Corolla moja ina injini za aina kadhaa. Linganisha upana wa pleti na idadi ya meno ya kitovu chake. Kama unaagiza kwa simu, tuma picha ya pleti ya zamani ikiwa na rula juu yake, pamoja na namba ya injini.

10. Waya umekatika njiani

Gari la zamani linaweza kufika gereji bila klachi, kwenye tambarare. Zima injini, ingiza gia ya kwanza, piga starta: gari litaruka mbele na injini itawaka likiwa linakwenda. Kupandisha gia, achia mafuta, sogeza nyutro, subiri sauti ishuke, sukuma gia taratibu bila kulazimisha. Kusimama ni kuzima. Usijaribu kwenye mpando wa Saranda wala pale Kintinku penye watu, bodaboda na mbuzi barabarani.

Ikiwa shida ni kuteleza, simama ipoe, shusha mzigo, na kwenye mpando badilisha kwenda gia ndogo mapema. Gia ndogo huipunguzia klachi kazi. Ukikwama kwenye tope jeusi la bondeni, chimba na uweke matawi chini ya tairi. Ukiendelea kunguruma na klachi nusu, unaweza kuimaliza hapo hapo.

11. Klachi mpya

Kwa kilomita mia chache za mwanzo, ondoka taratibu, usivute gari jingine, usibebe gunia la ziada. Mguu ukae sakafuni, usipumzike juu ya pedali. Baada ya wiki mbili hivi pima tena nafasi ya bure kwenye Kirikuu, kwa sababu waya mpya huvutika kidogo ukianza kazi.