Kulegeza Nyuzi Tatu: Somo kwa Wapigaji wa Gitaa

Safari hii twataka tujifunze jambo ambalo halihitaji fedha wala chombo kipya. Latakiwa sikio na subira ya dakika tano tu. Lakini kwanza tueleze lililotusukuma.

Wakati fulani tuliketi barazani kwa bibi mmoja, mzee sana, aliyekubali kutuimbia wimbo wa kutwanga. Nyumbani kwake hapakuwa na mwingine aliyeujua. Tulikuwa na gitaa, na kama ilivyo desturi yetu tukaanza kumfuata kwa zile kodi tatu tuzijuazo (kodi za muziki, si zile za serikali). Bibi akaimba mistari miwili, akaanza kuyumba, kisha akanyamaza. Tukadhani amechoka. Akatujibu kwamba hakuchoka, ila gitaa letu lilikuwa likimvuta kwenda mahali ambapo wimbo hauendi. Tuliona haya. Tulikwenda kuuhifadhi wimbo ule, na sisi wenyewe ndio tuliounyamazisha.

Gitaa lilikuwa limefanya nini? Wenye kuimba kwaya kwa solfa wataelewa upesi. Kodi ya kawaida hujengwa kwa sauti tatu: do, mi, so. Do na so ni kama miimo ya mlango, hazina ugomvi na mtu. Mwenye kuamua tabia ya kodi ni mi. Ikiwa katika kimo chake cha kawaida, kodi husikika ya kuchangamka. Ikishushwa nusu sauti, husikika ya huzuni. Sasa wimbo wa bibi haukuwa huku wala huko. Karibu wote uliruka mi kabisa. Nasi kila tulipopitisha mkono kwenye nyuzi, gitaa lilipiga kelele: mi! mi! mi! Hata mwimbaji hodari angepotea.

Basi iko njia ya kulinganisha nyuzi ambayo huiondoa mi na kuweka fa mahali pake. Wazungu huiita kodi ya namna hii kodi iliyoning'inizwa. Asili ya jina hilo ni uimbaji wa zamani wa Ulaya: waimbaji wote walihamia kodi mpya, lakini mmoja alibaki ameishika fa ya kodi iliyopita, ikining'inia hapo, mpaka alipoiachia ishuke kwenye mi. Katika mlinganisho huu fa haishuki. Yabaki ikining'inia, na mwimbaji ndiye anayeamua aende wapi.

Aliyeueneza mlinganisho huu ni Davey Graham wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1940, mama yake akiwa mtu wa Guyana na baba yake Mskoti. Mapema katika miaka ya 1960 alikwenda Tangier, nchini Morocco, akakutana na wapigaji wa udi. Udi hauna vyuma shingoni, kwa hiyo mpigaji aweza kusimama katikati ya sauti na sauti. Wasomaji wetu wa Unguja na Mombasa wanaoujua udi katika taarabu hawahitaji kuelezwa zaidi. Graham aliona kwamba gitaa lake, jinsi lilivyolinganishwa, halikuafikiana na vyombo vile. Ndipo alipolegeza nyuzi. Tazameni kwamba hakuwataka wapigaji wa udi wamfuate yeye. Baadaye aliutumia mlinganisho huo kwa nyimbo za kale za Ireland, ambazo nazo mara nyingi hazipendi kusukumwa kwenye furaha au huzuni. Wengine wakafuata: Jimmy Page wa kundi la Led Zeppelin aliutumia katika wimbo "Kashmir" wa mwaka 1975, na Pierre Bensusan, mzaliwa wa Oran, Algeria, ameufanya kuwa makao yake ya kudumu. Graham alifariki mwaka 2008.

Haya, shikeni magitaa. Kwa kawaida nyuzi, toka ule mnene, ni E A D G B E. Sisi twataka D A D G A D. Uzi wa tano, wa nne na wa tatu msiziguse. Zile tatu nyingine zote zashushwa sauti moja nzima, kwa hiyo hakuna hatari ya kukata uzi. Mvuto katika kila uzi ulioshushwa wapungua kama sehemu moja ya tano.

Nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo ya gitaa tutaiita pingili, kama ya muwa. Pigeni uzi wa nne ukiwa wazi, kisha legezeni wa sita polepole mpaka utoe sauti ile ile, chini yake kwa oktava moja. Kuhakikisha, bonyezeni uzi wa sita kwenye pingili ya 7: lazima ulingane na wa tano ulio wazi. Kisha legezeni uzi wa pili mpaka ulingane na wa tatu uliobonyezwa pingili ya 2. Mwisho legezeni wa kwanza ulingane na wa pili uliobonyezwa pingili ya 5. Pigeni zote sita. Tukiita D do, mwasikia do, so, do, fa, so, do. Nyuzi zilizolegea huenda zikagonga vyuma na kutoa mlio wa nyuki. Pigeni kwa upole, au nunueni uzi wa sita ulio mnene zaidi.

Sasa bonyezeni uzi wa tatu tu, pingili ya 2. Fa imegeuka so, na mnazo do na so peke yake, wala hapana mi popote. Hapo ndipo nyumbani. Ongezeni kidole kwenye uzi wa nne, pingili ya 4: kodi imechangamka. Kishusheni kidole hicho pingili ya 3: imehuzunika. Kiondoeni: mmerudi nyumbani. Twawasihi mkae hapa nusu saa nzima mkisikiliza kidole kimoja kinavyobadili uso wa kodi, maana vitabu vingi hupita jambo hili mbio.

Kwa kodi ya fa, uzi wa tatu ukiwa wazi, lazeni kidole kimoja juu ya nyuzi mbili nene, pingili ya 5. Kwa kodi ya so, acheni uzi wa sita, mbonyeze wa nne, wa tatu na wa kwanza, zote pingili ya 2. Ngazi nayo ni nyepesi: uzi wa nne wazi, pingili 2, pingili 4, wa tatu wazi, wa pili wazi, pingili 2, pingili 4, wa kwanza wazi. Msiinue vidole haraka, ziacheni sauti ziingiliane kama za kinubi.

Hatusemi kwamba mlinganisho huu wafaa kila kitu. Wimbo unaohamisha do mara kwa mara utawatesa. Tena yuko kijana ambaye, akishaonja nyuzi wazi zinavyovuma, hupiga zote sita toka asubuhi hadi jioni bila kubonyeza kitu. Dakika kumi za kwanza ni tamu, kisha majirani husinzia. Na mnaporudisha nyuzi kwenye hali ya kwanza, kazeni taratibu, kwa kuwa uzi uliozeeka hukatika wakati wa kupanda.

Tulirudi kwa bibi yule. Sauti yake ilikuwa juu kuliko D, nasi hatukuwa na kapo, kwa hiyo tulifunga penseli juu ya pingili ya 3 kwa kipande cha mpira wa baiskeli, do ikawa F. Tukapiga do na so tu, kwa chini. Aliimba beti saba hadi mwisho. Katika ubeti wa tano aliigusa mi, mara moja, ile ya chini, na kwa kuwa hatukuwa tumemtangulia tuliisikia ikitoka kwake.

Alipomaliza alituuliza kwa nini siku ile ya kwanza hatukuja na gitaa hili zuri. Tulimwambia ni lile lile. Hakuamini. Ameahidi kutuimbia na ule wa kusaga, mvua zikipungua.